Viti Viwili, Watu Mia Tatu

Saa kumi na nusu ndiyo saa ya shaba hapa Katuba:
jua limelegea, vumbi la kiangazi limesimama hewani
kama unga uliopepetwa na mtu asiye na haraka.
Kabla ya hapo sahani inang'aa hadi simu inapofuka;
baada ya hapo inakuwa kahawia, mfuniko wa sufuria tu.
Nina dakika kumi na tano.

Nimeisugua kwa ndimu na majivu.
Nimeitandikia kitenge cha mama, kile cha bluu,
nikakiondoa. Kinapiga kelele kuliko sahani.
Nimeiegemeza ukutani, kwenye tofali tupu.
Baba anauliza: Mbona unaipiga picha kama ya kitambulisho?
Ninaigeuza. Kweli.
Ubavuni alama za nyundo zinaonekana moja moja,
kama nyayo za kuku kwenye udongo wa mvua.

Umeme ulikatika tangu juzi.
Simu ililala kwa Kaumba, anayechajisha kwa franka mia tano,
katikati ya simu nyingine thelathini,
ikarudi na harufu ya samaki wa chumvi na asilimia sitini na moja.
Kumi na mbili zimeliwa na picha moja tu:
kile kiduara kinazunguka, kinazunguka,
nami juu ya ndoo nikitafuta mtandao, mkono juu,
kama ninayemwita mtu aliye ng'ambo ya reli.

Picha ikapanda.
Asubuhi nikamwambia Baba: Watu mia tatu na kumi na wawili wameipenda.
Akaweka nyundo chini. Akaangalia mlango wa uzio.
Wako wapi?
Akanyamaza kidogo. Waambie waingie. Viti viko viwili,
wengine watakaa kwenye ndoo.

Bei? wanaandika. Bei? Bei gani, dada?
Ninaandika bei. Kimya.
Kimya cha mtandaoni hakina hata mbwa wa kubweka.

Sasa ninafungua duka kwenye tovuti ya watu wa mbali.
Visanduku vya kujaza: Kipimo. Rangi. Uzito
(nimeazima mizani ya muuza maharage).
Mji: orodha yao haina Lubumbashi.
Nimebonyeza "Kwingineko".
Halafu kisanduku kirefu kuliko vyote: Hadithi ya bidhaa.

Niandike nini?
Kwamba Baba alitumikia tanuru miaka kumi na tisa,
na siku lilipozimwa akatoka na nyundo, ovaroli,
na barua yenye muhuri iliyosema subiri?
Kwamba bado anasubiri, na kusubiri kwake kuna mlio,
ta, ta-ta, ta, kila siku isipokuwa Jumapili?
Niliandika. Nikafuta.
Ukiuza huruma, mnunuzi harudi mara ya pili.
Niliandika "ubora wa kimataifa".
Nikafuta, nikicheka peke yangu.

Jioni ukaja ujumbe, kutoka mji nisioweza kuutamka:
Nataka sita. Ziwe sawasawa kabisa.
Nikamsomea Baba. Alinyoosha vidole vya mkono wa kushoto,
kila kimoja kimepinda kwa sababu yake.
Muulize kama hivi vinafanana.
Hapana, usimuulize. Mwambie zitakuwa ndugu, si mapacha.
Akikubali ndugu, mwezi mmoja.
Na nusu ya pesa kwanza.

Nimeandika hivyo hivyo, bila kutia chumvi.
Kisha kwenye kile kisanduku kirefu nimebandika
maneno yale yale matatu, nikaacha nafasi nyingine yote wazi.

Betri asilimia nne.
Juu ya kioo, vidoti vitatu: anaandika.
Vinasimama. Vinaanza tena.
Uani Baba ameshachoma bati jipya la shaba,
amelitumbukiza majini, limepiga mluzi,
na sasa ninamsikia, ta, ta-ta,
anaianza ya kwanza katika zile sita
ambazo bado hakuna aliyezilipia.