Karatasi za Kufungia

Magazeti huyanunua kwa kilo
kwa kijana wa Makoroboi aitwaye Lugembe,
ya juzi, ya wiki jana, hata ya mwaka wa uchaguzi,
mradi wino umekauka.
Ya siasa hayana mwenyewe: mteja anamfunua sangara wake,
anasoma mstari mmoja, anapangusia vidole.
Ya udaku ndiyo yanayouza.

Nililijua hilo siku Baba Ngassa,
mponda barafu wa hapa Mwaloni,
aliporudi akiwa bado anatafuna:
"Mama Shija, umenikatia habari!
Hapa wameandika, alipofungua mlango akamkuta…
Akamkuta nani?"
Tukafukua rundo zima. Mwisho wa habari
ulishaondoka na mapanki kwenda Igogo.
Siku hiyo barafu ilitoka mapande mapande.

Tangu hapo nakata kwa adabu.
Mkasi unafuata safu, hauruki aya.
Wapo wanaoagiza kabisa: vipande viwili, ndimu,
na ile ya Nami kuachwa.
Mwalimu Bugingo, anayekataza simu darasani,
hula upesi upesi
ili mafuta yasiwahi kufika kwenye picha.

Nami. Ndilo jina lake huko juu.
Gazeti linasema kazaliwa Masaki, baba rubani.
Sisi wa Mabatini tunamjua Nyamizi wa mzee Masalu,
aliyekuwa akipanda majabali na ndoo kichwani
akiimba mpaka mbwa wanalalamika.
Nina deni lake la mihogo, shilingi mia nne,
nimeliandika kwa mkaa ukutani.
Nyumba imepakwa rangi mara mbili;
pale peke yake sikuruhusu brashi ipite.

Siku aliyokuja kutumbuiza Kirumba
watoto walijipanga juu ya mawe kama pimbi.
Gari likapita, vioo vyeusi tii.
Tuliona sura zetu zikiteleza kwenye kioo,
midomo wazi,
na sisi tukazipungia mkono.

Kesho yake akaja mwandishi, kinasa sauti mkononi,
viatu vyeupe kwenye matope ya samaki.
"Mama, unamfahamu?"
Mia nne ilinifika kwenye ulimi.
Nikasema, "Alipenda mihogo iliyoungua pembeni."
Basi, hilo tu.
Akanipiga picha kilemba kikiwa upande.

Jumanne Lugembe hakuja na mzani.
Alileta gazeti moja, jipya, kalinunua kwa hela yake.
Ukurasa wa kwanza, mimi na mwiko wangu:
MAMA MZAZI WA NAMI AIBUKA, AMWAGA MACHOZI!
Mayo wane! Ule ulikuwa moshi.

Kufika saa saba foleni ilipita penye barafu.
Watu niliowakaangia miaka kumi na mmoja
walitaka kupiga picha na mimi.
Baba Ngassa akaniita mama mkwe.
Mwanamke mmoja, katoka Capri Point na dereva wake,
hakununua hata mkia. Alinishika mikono yote miwili,
mafuta na yote, akasema,
"Msamehe mwanao, mama. Damu ni damu."
Nami nikamwambia nimeshamsamehe.
Sijui kwa nini.
Lilikuwa tamu, lile neno, kinywani,
na nililia kweli, kidogo,
na moto ulikuwa umeshazimika.

Jioni nikahesabu: mara tatu ya siku zote.
Gazeti nililikunja nikalikalia, nilifikirie nyumbani.
Akaja mtoto na mia tano yake, wa mwisho,
mkia mmoja umebaki, karatasi zimekwisha.

Nikasimama.
Nikajifungia humo, kilemba upande, mwiko juu.
Mafuta yakaanzia kidevuni, yakapanda,
uso ukalainika, ukaanza kupitisha mwanga,
mpaka maandishi ya upande wa pili
yakajitokeza kwenye paji langu.
Mtoto aliyasoma kwa sauti akienda zake,
neno moja moja, kama wasomavyo wa darasa la pili:
Bei. Ya. Saruji. Yapanda. Tena.