Masizi ya Kibuyu

Thilakan ameniwekea karatasi tatu kaunta,
amezikandamiza kwa kifungulio cha chupa.
"Kariri, Kip. Wageni wa Alhamisi huuliza."
Chupa yenyewe imesimama chini ya taa,
fupi, nta nyekundu begani
kama mtu aliyemwagikiwa mchuzi harusini.
Wiski ya mahindi, kutoka Marekani.
Mahindi! Nikasoma mara mbili.
Kwetu Kapsaret gunia tunalibishania bei
mpaka mvua inalikuta uwanjani.

Mwonjaji wa kwanza ni Mwingereza. Ameipa tisini na mbili.
Anasema: vanila, ngozi ya tandiko,
ganda la chungwa lililokauka,
na mwishoni, maktaba kuukuu baada ya mvua.
Nami nimenyeshewa darasani,
bati likivuja juu ya vitabu vya hesabu.
Sikujua harufu ile ina bei.

Wa pili ni mama wa kulekule inakopikwa.
Hana maneno mengi:
karameli, mdalasini, njugu za kukaanga. Themanini na nane.
Huyu ningemwachia jiko.

Wa tatu kaitukana. Sabini na moja.
"Mbao mbichi. Moto usio na la kusema.
Wanasifu cheri. Cheri iko wapi?"
Swali zuri. Mimi cheri nimeiona koponi tu,
nyekundu kupita kiasi, kama uongo wa mtoto.

Chupa moja, ndimi tatu,
na kila mmoja anaapa kwa pua yake.

Mimi siinywi. Baba alininywea fungu langu.
Kwa hiyo nakariri
kama mwanafunzi wa jiografia
achoraye mto asioutia mguu.

Jumanne ilinimwagikia mkono wa shati.
Nikashuka kwa dobi, ghorofa ya chini kabisa,
kwa Bi Zuwena, mzaliwa wa Wete,
anayenunulia ubani nyumba tatu za Muscat
na kuijua hojari gizani kwa kuipitisha puani.
Akalivuta shati kabla sijamzuia.
"Astaghfirullahi," akasema.
Halafu akanusa tena.
"Hapa duka la ubani limeungua, mwanangu,
na mwenye duka alikuwa anakula halua."
Hakutoa alama. Alitoa sabuni.

Alhamisi akaja Farquhar, mhandisi wa bandari ya Sohar,
na daftari lake la ngozi.
Nikamsomea wa kwanza, wa pili, wa tatu.
(Wa nne nikamficha. Hajui kwamba yeye ni mhakiki.)
"Na wewe unasemaje?"

Wanasema pipa huchomwa kwa ndani,
likashika mkaa, ndipo kinywaji kikalazwa humo miaka.
Niliinamisha pua juu ya glasi, pua tu,
nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda,
kibuyu katikati ya magoti,
anakisugua tumboni kwa kijinga cha senetwet,
anakohoa, anasugua,
anageuza uso moshi usimwingie machoni,
hajali kama ninatazama.
Maziwa yatakayotoka humo yatakuwa ya kijivu,
ya kumpokea mtu aliyerudi.
Hakuna aliyewahi kuyapa tisini na mbili.

"Masizi ya kibuyu," nikasema.
Farquhar akaomba herufi. Nikamtajia moja moja.
Akanusa, akanyamaza kitambo,
akapiga mstari chini ya neno.

Wiki hii menyu mpya imeletwa.
Chini ya jina la chupa: vanila, karameli, mbao, "kibuyo".
Nilishika kalamu nirekebishe,
nikairudisha mfukoni.
Ramadhani ikiingia tutafunga baa,
tuzifunike chupa zote kwa shuka nyeupe,
ile yenye nta pamoja na nyingine.

Bi Zuwena anasema harufu imegoma kutoka.
Nimemwambia aache kusugua,
alianike tu.