Agano, Kuagana

Waraka ulifika Arusha katikati ya masika,
kurasa kumi na nne, wino wa fotokopi umefifia pembeni,
nikaitwa mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
niuvushe kabla sinodi haijakaa.

Sehemu ya kwanza ilikuja yenyewe: imani, ubatizo, mkate.
Ya pili na ya tatu nilizimaliza kwa birika moja la chai.
Kwa ya nne nililala macho.
Ilikuwa inauliza, kwa adabu nyingi mno,
nani atamwambia nani kwamba amepotea,
na huyo akiambiwa asisikie, atakaa wapi mezani.
Niliandika "matokeo". Nikafuta. Nikaandika "adhabu".
Neno nikaliona limevaa buti, nikalifuta nalo.

Asubuhi ukumbi wa Kaloleni ulinuka makoti mabichi.
Meru haukuonekana; wingu lilikuwa limeukalia
kama kuku anayeatamia.
Kanoni Chilewa, mzaliwa wa Mpwapwa aliyezeekea Ngarenaro,
alisimama, miwani mkononi:
"Undugu usio na kemeo ni ujirani tu.
Baba yangu alichanjiana na mtu wa Kilimatinde.
Walilishana ini lenye damu, kisha wakatajiana laana.
Bila laana ile, alisema mzee, zinabaki chale."

Lomayani, katibu wa vijana, akaomba nafasi:
"Kanoni, laana hiyo ataitamka nani?
Wino ni wao, meza ni yao,
hata kiti cha kukemea kina jina lao mgongoni.
Sisi tutatia saini, halafu tutasubiri kuitwa."
Watu wakaguna. Wachache walipiga makofi mara moja
wakakumbuka msalaba uko ukutani.

Mtunza hazina hakusema kitu.
Alikuwa anahesabu mabati ya shule ya Usa,
yaliyolipiwa nusu.

Ndipo akasimama Mama Elipokea Nnko wa Poli,
ambaye kwa miaka kumi na tisa ameandikiana
na mjane wa mji fulani wenye jina lisilotamkika,
Hilda, mwenye ng'ombe saba na goti bovu.
Hakuwa na hoja. Aliniangalia mimi:
"Mwalimu, hili agano ni la kuagana kupi?
Maana na mume wangu tuliagana mara mbili,
madhabahuni, na usiku ule wodini.
Nimwandikie Hilda lipi?"

Nikafungua kamusi mbele ya askofu,
kama mtu apekuaye mfuko akijua fedha hazimo.
Mzizi ni mmoja.
Miaka thelathini na miwili nimenyambua vitenzi ubaoni,
aga, agana, agano,
vumbi la chaki likiningia mikononi,
na sikuwahi kuusikia mzizi ule ukiniuliza kitu.

Umeme ukakatika, kipaza sauti kikafa.
Hoja ilirudishwa kwenye kamati,
ikaenda yenyewe, kama ng'ombe aijuaye njia ya zizi.
Tukanywa chai ya tangawizi gizani.
Kanoni alimshika Lomayani mkono wa kwaheri, hakuuachia,
wakaendelea kubishana hivyo hivyo, mkono ndani ya mkono,
mpaka getini, chini ya mwavuli wa kijani
uliovunjika fito moja.

Mimi nilibaki na muhtasari.
Mstari wa mwisho niliuandika hivi:
"Wajumbe waliagana saa kumi na moja na robo."
Katibu ameurudisha leo. Amekipigia mstari kitenzi,
ubavuni ameweka alama ya kuuliza.

Sijamjibu. Mezani ipo barua ya Mama Elipokea,
ameniomba nimwangalizie Kiingereza chake kabla ya posta,
na nimefika kwenye aya ya ng'ombe.