Maneno ya Kiangazi, Kidato cha Pili B

Niliwaambia: kesho kila mmoja aje na neno la kiangazi,
neno la nyumbani, lililotoka mdomoni mwa mtu,
si la kitabuni. Tutalichora.
Newala, Oktoba, saa nane mchana.
Bati la darasa linapasuka ta, ta,
kama kuna mtu anatukaangia bisi kichwani,
na dirishani unaingia ule uchachu wa mabibo
yaliyolala chini siku tatu.

Kumi na mmoja walileta
“Mchumia juani hulia kivulini.”
Kumi na mmoja, na watano kati yao
wameandika “juwani”, kwa hiyo nikajua nani kamnakili nani.
Mfaume alileta la muuza maji wa kwao:
“Leo mia tano, kesho usiulize.”
Stumai akaleta kanga nzima ya shangazi yake,
akaitandaza juu ya dawati. Rangi imepauka, maandishi yamebaki:
JUA NI LA WOTE KIVULI KINA MWENYEWE.
Wengine hawakuleta kitu. Walisema kwao
kiangazi hakisemwi, kinangojwa kiishe.

Sasa rangi. Tulikuwa na kisanduku kimoja cha msaada,
vidonge kumi na viwili vizuri kama peremende,
na maelekezo yake: lowesha brashi.
Lowesha na nini?
Tenki la shule lilikauka tangu Agosti.
Mfaume akatoa chupa ya maji yake ya kunywa,
akapima kwa kizibo, kizibo kimoja kwa dawati,
mkono hautetemeki, kama duka la dawa.
Vizibo vilipokwisha wakatoka nje,
wakarudi na mkaa wa jikoni, majivu,
udongo mwekundu wa barabara ya Kitangari,
na mmoja, msumbufu, na ganda la korosho mbichi
lenye mafuta yake meusi yanayobabua.
Nikamnyang’anya. Alikuwa ameshapiga mstari mmoja.
Ndio mstari mzuri kuliko yote niliyoiona mwaka ule.

Mfaume alichora duara. Basi.
Duara jeupe, karatasi yote iliyobaki nyeusi.
Nikamuuliza, hili ni jua?
“Hapana, mwalimu. Ni ndoo, ukiitazama kutoka juu.”

Halafu nikafika kwa Asumini.
Mti wa mkorosho, kivuli chake kimesagwa kwa mkaa
mpaka karatasi imetoboka,
na ndani ya kivuli mwanamke ameketi,
gunia tupu magotini, analia.
Machozi amempa rangi ya buluu, maji yake yote ya kizibo
yameishia hapo.
Pembeni mtu wa kangomba, bakuli mkononi,
anapima.

Nikafungua mdomo nimsahihishe.
Asumini, hulia hapo inatoka kwenye kula,
anayechuma juani anakuja kula kivulini, raha mustarehe,
si kulia kwa machozi.
Sentensi ilikuwa tayari, ya kiualimu kabisa.
Nikaitazama ile buluu.
Nikaangalia tena neno lenyewe ubaoni, h-u-l-i-a,
miaka kumi na sita nalifundisha
na sikuwahi kuusikia mlango wake wa pili.
Nikampa alama zote, nikasogea dawati la nyuma.

Michoro niliibandika ukutani kwa uji wa muhogo.
Wa Asumini haukubandikwa, aliuomba,
mama anataka kuuona.

Jumatatu akaurudisha, umekunjwa mara nne.
“Mama kasema nimekosea.”
Kakosea nani? Wapi?
“Kasema yeye hulia hukohuko juani,
maana pale jasho linamfichia.
Akifika kivulini ana korosho za watu za kuchambua,
hana nafasi.”

Alikuwa amesimama, anangoja, kama mtu aliyetumwa dukani.
Nikafungua kabati, nikampa karatasi nyingine,
na kizibo changu.