Kuvuja kwa Kipimo

Miaka thelathini na mbili nimepigana na kuvuja.
Waulize wanunuzi wa Kirumba:
chungu cha Kwandu hakilii.
Kimoja tu kilirudishwa, mwaka ule wa mvua nyingi,
mama mmoja akakitua mbele ya watu:
"Hiki chako kinatoa jasho."
Aibu ile nililala nayo kama mchanga kitandani.

Leo anakuja kijana Bundala,
tope la Igombe limemjaa viatuni,
daftari kwapani, mfuko wa pumba za mpunga mkononi,
ananiambia: Mama, nifinyangie kitu kinachovuja.

Nikamtazama.
Mwanangu, nikasema, hivyo nakupa bure,
nenda nyuma ya tanuri, chagua.

Alicheka. Hakuondoka.
Kivuje, akasema, ila kwa kipimo:
maji yapite, vidudu vibaki.
Tundu liwe dogo hata jicho lisilione.
Na sindano ya kutobolea iko wapi?
Akanyanyua mfuko wa pumba.

Basi.
Udongo wa bondeni, ule unaong'ang'ania jembe,
tukauanika, tukautwanga,
tukauchekecha kwa kipande cha chandarua kuukuu.
Makopo matatu ya udongo, kopo moja la pumba zilizosagwa,
maji kidogo, kisha viganja.
Udongo uwahi ungali maji, tuliambiwa,
lakini huu una makapi tumboni, unachoma vidole,
unapasuka ukingoni kama kisigino cha kiangazi.

Tukafinyanga sahani nene, upana wa kifuniko cha ndoo.
Zikauke kivulini siku sita, si juani:
hilo nilimfundisha mimi.

Tanuri la kwanza, sahani tisa. Nzima zilitoka nne.
La pili, moto ulikuwa mvivu;
tulipovunja sahani moja tukakuta moyo mweusi,
pumba hazijaungua zote.
La tatu tulichochea usiku kucha,
yeye akisoma kipimajoto chake, mimi nikisoma rangi ya moto,
tukibishana hadi majogoo.
Kipimajoto kikaishiwa betri.
Rangi haiishiwi.

Pumba zikaungua, zikaenda zake.
Kila palipokuwa na chembe pakabaki nafasi yake,
na maji yatapita humo,
mahali pa kitu ambacho hakipo tena.

Nikamkumbuka Lushinge.
Mwaka wa kipindupindu alikuwa na miaka minne.
Tulichota palepale, penye ukijani mzito kama uji.
Siku za kuni tulichemsha.
Siku zisizo na kuni tulimwachia Mungu.
Sikumwambia Bundala. Alikuwa akifuta jivu kwenye miwani.

Ndoo juu, sahani katikati, ndoo chini.
Nikamimina maji ya ziwa, rangi ya chai ya jana.
Tukakaa.
Wajukuu wakaja, wakachoka, wakarudi kucheza.
Jirani yangu Nkwimba akachungulia:
"Kwandu, leo hata kuvuja kimekataa!"
Kisha, to.
Kimya kirefu.
To.

Lita moja kwa saa, na kijiko juu yake.
Bundala akabeba chupa mbili kwenda maabara mjini,
akakaa wiki mbili bila kunipigia,
akarudi na karatasi:
vidudu vimebaki vichache sana. Si sifuri, mama. Karibu.
Tusage pumba laini zaidi.
Nikasema, leta.

Nkwimba anauliza bei.
Sato wawili, namwambia, wa wastani tu.
Anasema wawili ni wengi.
Tumeafikiana: mmoja leo,
wa pili atalipa akishahakikisha inavuja.
Akanitaka niape.

Nikaapa, mbele ya watu,
mimi Kwandu,
kwamba itavuja.