Kipimo cha Kichwa cha Ambwene

Mwezi wa Juni Tukuyu haina adabu.
Ukungu unateremka kutoka Rungwe
unakaa barazani kwangu, kama mteja wa mkopo.
Bibi yake akamfumia kofia ya sufu, ya njano.
Wiki tatu ikamkaa.
Wiki ya nne ikagoma juu ya masikio.

Nikacheka. Fundi cherehani nimezoea
watu kunenepa wakalaumu nguo.
Mama, nikamwambia, uzi wako umerudi kwa maji.
Akafuma nyingine.
Nayo ikarudi.

Asubuhi, kabla ya uji, anatapika.
Meno hayo, wakasema.
Kichwa cha akina Mwaikenda hicho, atakuwa mwalimu.
Mmoja akanong'ona jina
la yule tuliyegombea naye mpaka wa migomba.
Zahanati tukapewa dawa ya minyoo.

Usiku, mama yake amepitiwa na usingizi,
nikavua futi shingoni,
nikaizungusha polepole kama ninayeiba:
arobaini na sita.
Jumapili ya pili yake, arobaini na saba na nusu.
Nikaandika nyuma ya daftari la wateja,
chini ya viuno vya kwaya.

Kisha macho.
Yakaanza kuzama, weupe ukabaki juu,
kama mtu anayesoma
kitu kilichoandikwa kifuani mwake mwenyewe.
Ambwene: kwa Kinyakyusa, Ameniona.
Nilimwita, nikamwita. Akaendelea kusoma.

Mbeya, hospitali ya rufaa, daktari akatundika picha.
Maji ya kichwani yamezibiwa njia, akasema,
na kilichoziba ni hiki, uvimbe.
Kama kifungo cha koti? nikauliza.
Kikubwa zaidi.
Kama kokwa la parachichi?
Akanyamaza. Nikajua nimepima sawa.

Mke wangu akauliza juu ya udongo
aliokuwa akilamba wakati wa mimba.
Si udongo, mama. Si wewe. Si mtu yeyote.
Pale pale nikamkumbuka jirani yangu wa migomba,
na salamu zake nilizoacha kuitikia tangu Pasaka.

Wametoa walichoweza.
Ndivyo walivyosema: walichoweza.
Nyuma ya sikio kuna mshono;
nimeshona miaka kumi na tisa
na huu sithubutu kuugusa.
Mafundo madogo, meusi, yamekaa sawasawa.
Aliyeushona hakuwa na haraka.

Sasa bibi anafuma kofia ya tatu.
Haniulizi kipimo.
Amefika ukingoni, akauacha uzi bila kuukata,
sindano zimelala kwenye kikapu.

Leo arobaini na saba. Jana arobaini na saba.
Nimeandika zote mbili.
Mtu anabisha hodi, anataka suruali yake,
na mtoto amegeuza macho mlangoni,
au ni mwanga tu.
Nimemwambia mteja asubiri.
Nimemwambia abishe tena.