Uzi

Miaka thelathini na mmoja niliuona kutoka chini,
kupitia kioo cha chumba cha usukani, mvua ikikitia ukungu:
uzi mweupe ukining'inia kwenye jabali jeusi,
kana kwamba mlima ulikuwa unashonwa
na fundi akaitwa nje kabla ya kupiga fundo.

Sisi wa tagboti tuliuita hivyo tu. Uzi.
Ramani ina jina jingine, la bwana mmoja
aliyepita hapa mara moja, akaenda zake.
Mimi nilipita usiku, nikisukuma matishali manne ya ngano
kuelekea Portland, mto Columbia umefungwa na ukungu,
nikafungua kidirisha, nikatega sikio.
Ukinguruma kushoto, basi mwamba tumeshaukwepa.
Ulinijulisha uko macho,
kama Astrid alivyokohoa jikoni
nikirudi alfajiri, viatu mkononi.

Leo nina siku kumi na moja za kustaafu.
Mjukuu wangu Tove amebeba chupa ya chai, jibini, na subira.
"Babu, ukichoka useme."
Nilichoka palepale maegeshoni,
nikisoma kibao cha urefu wa njia.

Njia inapanda kwa kujikunja, kona juu ya kona,
Tove anazihesabu, mimi nahesabu pumzi.
Misonobari iliyoungua mwaka ule wa moto mkubwa
imesimama myeusi, na miguuni mwake
madole ya kijani yamekunjwa ngumi, yakijifunza kufunguka.
Kona ya tisa, moyo unagonga.
Nimewahi kusikia injini ikigonga hivi.
Tulizima, tukatia nanga, tukamwita makanika.
Tove ananipa kipande cha jibini.

Kona ya kumi na nne, daraja la mbao,
na hapo ndipo nilipojua nilivyodanganywa na umbali.
Uzi gani huu!
Ni ukuta unaoanguka na hauishi kuanguka,
una upepo wake, una mvua yake,
unalowanisha hata meno.
Tove alinipigia kelele maneno marefu,
sikusikia hata neno moja, nikaitikia kwa kichwa,
akacheka mpaka akashika ukingo.
(Baadaye nilimuuliza alisema nini. "Nimesahau," akasema.)

Tukapanda tena. Mawe malegevu, mizizi,
mahali pa kushika mnyororo na kutotazama chini.
Kisha mlima ukachoka kabla yangu.

Kule juu nilitafuta chanzo cha ngurumo,
nikakuta kijito kinachopita kwenye majani,
kimya, maji ya kunawia uso.
Nilikivuka kwa hatua moja.
Nikarudi, nikakivuka tena.

Na chini, mto.
Sikuwahi kuuona mzima: kwangu ulikuwa daima
mita mia tano za mbele na wasiwasi wa kona.
Sasa umelala wote, umejinyoosha kati ya milima
kama mtu asiyedaiwa na yeyote.
Reli ng'ambo, treni isiyo na sauti.
Na katikati, visanduku vinne vya kiberiti vikisukumwa na cha tano.

Ni Jumanne. Ni zamu ya Desmarais.
Namjua, anakula tufaha sasa hivi,
anatazama maji, hatazami huku.
Nami sikuwahi kutazama huku juu kutafuta mtu.
Nikapunga kofia hata hivyo.

Alipofika kwenye mpindo alipiga honi,
mlio mmoja mrefu, kama sheria inavyotaka,
kumwonya yeyote anayekuja upande wa pili.
Haikuwa yangu. Ilichelewa kufika,
ikiwa imepanda kona zote zile kama sisi.
"Naam," nikasema, kwa sauti.

Tove alikuwa amepiga goti topeni,
akifunga kamba ya kiatu changu, mafundo mawili.
"Tayari?"

Kupanda ulikuwa mchongoma.
Kushuka ndiko kulikokuwa ngoma,
na magoti yangu, wazee hawa wawili,
yalicheza mpaka maegeshoni.